Kiuno cha Tonsuke

Jumatano ile Tonsuke alianguka kwa mara ya kumi na nne, na kama ilivyokuwa ada yake, aliangukia pua.

Bi Sadayo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, magoti yamefungwa bendeji, akimtazama. Tonsuke alikuwa roboti, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Walimvisha kanzu fupi ya buluu iliyopandishwa hadi mapajani, wakamfunga kitambaa kichwani, fundo likaja chini ya kidevu, na sarafu yenye tundu wakamfunga puani kwa uzi. Mkononi alishika ungo wa mianzi. Aliumbiwa kazi moja tu hapa duniani: kucheza ngoma ya kuchota dojo, wale visamaki wembamba wa kwenye matope ya mpunga wanaoteleza kama kipande cha sabuni. Mchezaji hunyata, hunyemelea, huinama, huchota, dojo humponyoka, humwingia kwenye kanzu, na watu hucheka mpaka mbavu ziume. Sasa Tonsuke alinyata vizuri. Alinyemelea vizuri. Alipoinama, kichwa kilitangulia, kiwiliwili kikafuata, na sakafu ya chumba cha ufundi ikapokea vyote viwili.

Kisha kikaanza kile kitu ambacho Bi Sadayo alikuwa amefika mahali pa kukichukia kuliko magoti yake. Watu wakaanza kuombana radhi.

Wa kwanza alikuwa Bwana Tadokoro, ambaye alitengeneza lifti kwa miaka thelathini na minane kabla ya kustaafu. Aliinama akasema mota yake ni dhaifu, amewaangusha wenzake. Iwane, msaidizi wa daktari wa meno, binti wa miaka thelathini na sita aliyejifunza mambo ya kompyuta peke yake, akasema hapana, namba alizoingiza ndizo mbovu, na akainama chini zaidi ya Tadokoro. Kisha wote wawili wakamgeukia Bi Sadayo, maana ilikuwa zamu yake. Naye akasema hatua za ngoma alizifundisha ovyo. Ulimi ulisema hivyo huku meno yakisagana.

Aliyebaki alikuwa Fundi Kuwabara, mwenye miaka themanini na minne, mchongaji wa mahekalu. Yeye alikuwa ametengeneza kichwa, na kichwa hakikuwa na kasoro, kwa hiyo hakuwa na la kuombea radhi. Aliwafariji tu. Aliwaambia wasijilaumu sana, watafika. Akachukua leso yake, akakifuta kichwa vumbi kwa upole kama anayemfuta mjukuu makamasi.

Kichwa chenyewe, kusema haki, kilikuwa kitu cha ajabu. Fundi alikichonga kwa gogo la mti wa keyaki, ule unaojengewa milango ya mahekalu. Kilikuwa na mashavu ya mlevi mwenye moyo mzuri, midomo imechongoka kama ya mtu anayepuliza chai, na macho ambayo ukiyatazama kutoka chini yanacheka, ukiyatazama kutoka juu yanaona aibu. Mtoto wa jirani alipokiona mara ya kwanza alicheka mpaka akajikojolea. Kilikuwa pia na uzito wa mfuko wa mchele wa kilo tano. Ukiweka mfuko wa mchele juu ya fimbo ya ufagio kisha ukaiinamisha fimbo, huhitaji kusomea lifti ili ujue kitakachotokea.

Lakini mtu aliyechonga joka la hekalu kuu la bonde lote, hekalu walikozikwa wazazi wa kila mmoja mle chumbani, anaambiwaje kwamba kichwa chake kizito? Haambiwi. Kila mtu alirudi nyumbani akafagia mbele ya mlango wake.

Tadokoro alileta mota kubwa zaidi. Mota kubwa ilikula umeme, ikaletewa betri kubwa. Betri kubwa ikailemea miguu, miguu ikatiwa vyuma. Miguu ya vyuma ikakataa kunyata, ikawekewa magurudumu, na Iwane akaandika upya programu nzima ili magurudumu yajifanye yananyata. Kila Jumatano kitu kipya, na kila Jumatano Tonsuke anakwenda chini kwa kishindo kikubwa kuliko cha wiki iliyotangulia. Kufika Septemba alikuwa na kilo thelathini na moja. Alikuwa amenenepa kila mahali isipokuwa pale penye ugonjwa.

Mwishowe Iwane, kwa aibu nyingi, alikibana kiuno kwenye kompyuta, kisiiname kuzidi kiasi fulani. Tonsuke akaacha kuanguka. Akaacha na kucheza. Alichokuwa akifanya sasa ni kuteleza mbele, kutikisa ungo na kubonyea kidogo tu, kama mlinzi wa duka kubwa anayewakaribisha wateja asubuhi. Wanaume wawili walipiga makofi. Bi Sadayo alitoka nje akasimama kando ya baiskeli yake, akahesabu spoku za gurudumu moja mpaka akamaliza.

Ni vizuri ijulikane alikuwa anatafuta nini mama huyu. Alikuwa amecheza ngoma ile miaka arobaini na mmoja. Kwenye harusi, kwenye mavuno, kwenye sherehe za wazee, mpaka siku ya kufungua daraja. Alifundishwa na Bi Otsune, marehemu, ambaye alipochota dojo kidevu chake kiligusa mkeka na makalio yakabaki juu kama bata anayetafuta kitu majini. Otsune alikuwa na masharti yake. Mojawapo lilikuwa kwamba mchezaji hajitazami, si kwenye kioo, si kwenye picha, si kwenye video. Alisema anayejitazama ataishia kukichekesha kioo. Bi Sadayo alilishika sharti lile kama dini. Watoto wake walipomrekodi alitoka chumbani.

Mwaka huu daktari alikuwa amemwambia asichuchumae tena maishani. Ndipo Tadokoro, wakiwa wanakunywa chai kwenye ukumbi wa mtaa, akasema kwa mzaha kwamba watengeneze roboti acheze badala yake. Wengine walicheka. Bi Sadayo hakucheka. Alikuwa amefikiri jambo moja: kwamba ataketi mbele kama watu wote, na kwa mara ya kwanza ataiona ngoma yake. Ameijua kwa mgongo miaka yote ile, hajawahi kuiona kwa macho. Basi Aprili Iwane alimfunga vifaa vidogo vya kupima mwendo kiunoni, magotini na viwikoni, naye akacheza mara tatu kwa maumivu, akachota mpaka chini kabisa, na kompyuta ikaandika yote. Hiyo ndiyo ilikuwa ngoma ya mwisho aliyocheza. Na sasa ngoma ile ilikuwa imefungiwa ndani ya mlinzi wa duka.

Sherehe ya utamaduni ya mtaa ilikuwa tarehe tatu Novemba. Jina la Tonsuke lilishaandikwa kwenye ratiba, asubuhi mara moja na alasiri mara moja. Ubao wa matangazo ulishapita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilishapiga muhuri kwamba imesoma.

Bi Sadayo alianza kupigana kwa njia zinazokubalika. Alimpelekea Fundi Kuwabara kibuyu kikavu, kikubwa kama kichwa cha mtu, akasema amekiona sokoni akamkumbuka, na tena ajabu, jinsi kilivyo chepesi. Fundi alishukuru. Wiki iliyofuata kibuyu kilirudi kimepakwa rangi nyekundu ya kung'aa tabaka saba, kizuri cha kuwekwa sebuleni.

Akampelekea vitumbua vya maharage ndani ya sanduku la mti wa kiri, ule mti mwepesi wa kuhifadhia nguo za thamani. Alipokuwa akimkabidhi alilipandisha na kulishusha mara tatu kwa kidole kimoja, akasema mafundi wa zamani walijua, mti mwepesi hauna mwenzake. Fundi akakubali kwa kichwa. Sanduku likarudi, na kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu, ndani yake mlikuwa na matunda sita ya kaki. Bi Sadayo alikula kaki zile kwa hasira, moja baada ya nyingine, mpaka tumbo likauma.

Akamwomba Tadokoro alete mizani, wapime kila kiungo cha Tonsuke kwa ajili ya kumbukumbu. Wakapima. Kichwa kilipowekwa, mshale ulikwenda mpaka kilo nne na gramu mia tisa. Chumba kizima kiliutazama ule mshale. Kisha Iwane akaandika, Tadokoro akasema hongera, na Fundi Kuwabara akasema ndiyo, mti mzito ni mti wa heshima.

Siku hiyo Bi Sadayo alimbana Tadokoro kwenye banda la baiskeli.

"Bwana Tadokoro, wewe unajua ni kichwa."

"Kichwa kipi?"

"Usinifanye mtoto."

Tadokoro alitazama milima, akasema mawingu yale yanaonyesha mvua. Alipoona mama hasogei, alishusha sauti. Akasema Fundi ndiye aliyechonga kibao cha kaburi la baba yake, na hakuchukua hata shukrani. Atamwambia nini?

"Mwambie kichwa ni kizito. Ni maneno matatu tu."

"Bi Sadayo, mimi ni mtu wa lifti. Lifti hailalamiki kuhusu abiria."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Iwane naye, alipoulizwa, alisema yeye ni mtoto mbele yao, na macho yakamjaa machozi, ikabidi abembelezwe.

Tarehe ishirini na tatu Oktoba, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, walikutana tena. Tonsuke aliteleza, akatikisa ungo, akakaribisha wateja. Tadokoro alipiga makofi kisha akaomba radhi kwa kelele ya magurudumu. Iwane akaomba radhi kwa kuchelewa kwa mkono wa kushoto. Wote wakamgeukia Bi Sadayo. Zamu yake.

Alifungua mdomo kuomba radhi. Hata maneno alikuwa nayo tayari, ya kusema labda alihesabu mapigo vibaya. Yakatoka mengine.

"Fundi, kichwa chako ni kizito," alisema. "Hatuna shida ya mota wala ya namba. Ni kichwa. Tumebadilisha kila kitu humu ndani mara tano ili tusikuguse wewe, na ngoma yangu imekufa."

Birika la umeme lilikuwa linachemka, likajizima, na mlio wake wa kujizima ulisikika kama mlango umebamizwa. Iwane alitazama ndala zake. Tadokoro alikuwa ameshika bisibisi akaikagua ncha, kana kwamba ndiyo kwanza anainunua.

Fundi Kuwabara aliweka kikombe chini taratibu.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu Mei. Nimechonga miti miaka sitini na tano, Bi Sadayo. Nisijue uzito wa mti?"

Fundi akaeleza bila haraka. Alisema siku ile ya kwanza Tonsuke alipoanguka alitaka kukitoa kichwa papo hapo. Lakini Tadokoro alikuwa ameshainama, ameshasema mota yake ni dhaifu. Angekitoa kichwa wakati ule, ingekuwa kama kusema kweli, Bwana Tadokoro, mota yako haiwezi kubeba hata kichwa, wewe uliyebeba watu ghorofa arobaini. Angemwaibisha mbele ya wanawake. Akaona asubiri mwenzake afanikiwe. Mwenzake akaleta mota kubwa, na mtu akishaleta mota kubwa utamwambiaje basi tena?

"Na kibuyu?" aliuliza Bi Sadayo.

"Nilielewa."

"Na sanduku la kiri?"

"Nilielewa haraka kuliko kibuyu. Nikasema kesho atasema mwenyewe. Kesho ulileta mizani, nikasema leo ndiyo leo. Mkanipa hongera."

Tadokoro alikaa sakafuni. Alisema, akiiambia bisibisi, kwamba ile mota ya mwisho aliipandisha ngazi peke yake, na mgongo wake una plasta sita mpaka leo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka wajibu, akaanza kukusanya miguu ili amwinamie Fundi kumwomba radhi kwa kumfanya asubiri.

"Atakayeomba radhi tena leo," alisema Bi Sadayo, "nitampiga na huu ungo."

Hakuna aliyeomba. Walikuwa hawajui wafanye nini na vichwa vyao, maana vilishazoea kuinama.

Siku kumi zile Fundi Kuwabara alikaa uani kwake kwenye jua la vuli, kichwa cha Tonsuke kikiwa kati ya magoti, akikichimba kutokea kisogoni. Bi Sadayo alipita kila siku kwa kisingizio cha vitunguu. Alikuta vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi za mzee, na pembeni chungu ya vipande vyembamba inaongezeka. Fundi hakusema neno juu ya gogo lile. Ila siku ya sita alimwambia kwamba alilinunua mwaka alipooa, akiliweka kwa ajili ya kazi ambayo haikuja. Bi Sadayo akataka kuomba radhi, akakumbuka ungo, akanyamaza. Fundi aliendelea kuchimba mpaka ukikiinua kichwa kuelekea jua, mwanga ulipenya mashavuni ukatoka mwekundu. Kufika asubuhi ya sherehe kilikuwa na kilo moja na gramu mia saba. Patasi moja zaidi kingepasuka.

Sasa Tadokoro na Iwane wakakifunga saa moja kabla ya onyesho, wakakiachia kiuno kamba, kompyuta ikasoma namba za Aprili bila kizuizi. Bi Sadayo hakuwepo. Ilikuwa zamu ya kundi lake kufinyanga matonge ya wali jikoni, na zamu ni zamu. Alisikia tu sauti ya Iwane kwenye korido, anainama, anainama wala haanguki, na moyo wake ukaruka hivi kwamba tonge alilokuwa nalo likapata chumvi mara mbili. Alilitenga pembeni, akasema hilo atalila mwenyewe.

Alipata kiti safu ya mbele. Kulia kwake alikaa Fundi Kuwabara, kushoto Bi Hamasaki wa duka la mchele, mwanamke ambaye kunong'ona kwake husikika mpaka barabarani. Pazia likafunguka. Kinanda cha nyuzi kikaanza, na Tonsuke akatoka.

Alinyata. Ukumbi ukacheka kabla hata hajafanya kitu, kwa uso ule. Alinyemelea, akanyanyua ungo, akatega sikio. Bi Sadayo aliinamisha kiuno chake kitini bila kujua. Sasa, alijiambia. Sasa chini. Kidevu kwenye mkeka.

Tonsuke aliinama kufikia magotini, akasimama hapo. Akachota hewa. Akatikisa ungo kwa bidii kubwa, kama mtu anayepepeta kitu ambacho hakipo, akaingiza mkono, akashika dojo mmoja hapo hapo hewani, nusu mita juu ya matope, akashtuka kwamba amemponyoka.

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti vya mbele yao. Bi Sadayo aligeuka kumtafuta Tadokoro kwa macho. Kiuno kimekwama. Baada ya yote, siku ya leo, kiuno kimekwama.

"Ni Bi Sadayo mtupu," alisema Bi Hamasaki akifuta machozi, akimwegemea. "Jamani, wamemtoa vilevile. Dojo wa hewani."

"Dojo wa nini?"

"Wa hewani, shoga. Si ndivyo tunavyoita. Hakuna mwingine duniani anayevua dojo wanaoruka."

Aliuliza tangu lini. Bi Hamasaki alifikiri, akasema mwanawe wa mwisho alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo miaka ishirini, ishirini na miwili. Akacheka tena, kwa upendo, akampiga kofi la paja.

Nyuma ya pazia Iwane alimwona anakuja akaanza kuinama. Bi Sadayo alimshika bega akamsimamisha. Alimwomba, kwa sauti ya kawaida, amwonyeshe kwenye kompyuta kiuno chake kiliinama kiasi gani mwezi wa Aprili. Iwane akaonyesha. Mstari ulishuka, ukafika magotini, ukapanda. Mara tatu alicheza, mistari mitatu, yote sawa. Alikuwa na uhakika kwamba aligusa sakafu. Mgongo wake ulimwambia umegusa sakafu, na aliuamini mgongo.

"Uliona siku ile ile?" aliuliza.

Iwane alitazama ndala zake, na jibu likapatikana.

Kwa hiyo walijua. Ukumbi mzima, bonde zima, mpaka watu wa harusi na wa daraja. Miaka ishirini mwili wake ulikuwa ukipanda kidole kimoja kimoja kutoka kwenye matope, na kila mtu alipiga makofi akala keki ya mchele akaenda zake. Hakuna aliyemletea hata kibuyu.

Alimwambia Iwane afute mstari ule na kuweka mwingine. Iwane akasema hawajajaribu, Tadokoro akasema kwa uzito wa sasa mota inaweza, wakabishana kwa adabu. Bi Sadayo hakungoja. Alimshika Tonsuke mkanda wa nyuma, akaweka kiganja kingine kisogoni, akamkandamiza mpaka kidevu kikakaribia mbao za jukwaa na makalio yakabaki juu kama bata. Magoti yake mwenyewe yalilia. Akasema hapa, mwanangu. Andika hapa.

Alasiri ukumbi ulijaa zaidi, maana habari ilikuwa imetembea. Alikaa kiti kile kile. Tonsuke akatoka, wakacheka. Akanyata, wakacheka. Kisha akaenda chini.

Akaenda chini kabisa, taratibu, kidevu kikapita juu ya mbao bila kugusa, ungo ukateleza chini ya maji ambayo karibu uyaone, na macho yale ya keyaki yakatazama matope kwa aibu. Alikuwa Bi Otsune. Alikuwa yeye kabisa, aliyekufa miaka thelathini nyuma, mpaka ule mtetemo mdogo wa kiuno kabla ya kuchota. Bi Sadayo alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Ukumbi ulikuwa kimya. Ulitazama kwa heshima. Mama mmoja nyuma alisema lo, kuna ufundi. Mtoto aliuliza kama kimeharibika, akaambiwa anyamaze. Ngoma ilipokwisha makofi yalipigwa, sawasawa, yenye kipimo, makofi yale yale wanayopigiwa watoto wa shule wakimaliza kusoma risala. Bi Hamasaki alisema imependeza sana. Akaangalia saa.

Fundi Kuwabara alikuwa anakula lile tonge lenye chumvi mara mbili. Alikuwa amelikuta kwenye sahani pembeni, na kwa kuwa ni mtu wa adabu alikuwa analimaliza.

"Fundi," alisema Bi Sadayo bila kumgeukia, "sema ukweli."

"Ule wa kweli kweli?"

"Ule ule."

Mzee alimeza.

"Ya asubuhi ilikuwa bora."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa mbali sana."

Bi Sadayo alilitazama jukwaa, ambapo Tadokoro alikuwa anamsukuma Tonsuke kutoka, ungo bado uko juu.

"Umri wote huo, Fundi Kuwabara," alisema, "na huna adabu hata punje."

"Nilikuwa nayo. Wewe ndiye uliyeninyang'anya mwezi uliopita."

Aliinuka kwa kulishika bega la mzee, akaliegemea kwa nguvu zaidi kidogo kuliko magoti yalivyohitaji, akaenda nyuma ya pazia kumuuliza Iwane kama mstari wa Aprili ulikuwa umefutika kabisa.